Mwanangu Kasema Hayatafika

Jumapili, 2 Machi

Leo mwanangu kaniletea shajara hii. Jalada lake jekundu, na mbele nembo ya Baraza la Jimbo imepigwa chapa ya dhahabu. Wanapewa wakubwa tu. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuuonyesha darasa zima, na karatasi nzuri namna hii kuiacha tupu ni dhambi. Basi nitaandika. Siku watu watakapotaka kuandika maisha ya mwanangu, na watataka tu, wasihangaike kuulizauliza mitaani. Waje kwangu.

Waanze hivi. Alizaliwa na sauti. Mkunga aliniambia, "Huyu hatakusumbua kumtafuta, utamsikia." Alikuwa anahutubia kuku wangu uani, kasimama juu ya kinu, na kuku wanatulia. Kiranja tangu darasa la pili. Katibu wa chama cha ushirika kabla ndevu hazijamwota. Diwani, vipindi viwili. Leo ni Makamu Mwenyekiti wa Baraza zima, mwenye dhamana ya barabara, madaraja na lile tuta la kuzuia mto, ambalo siku ya kulizindua mimi ndiye niliyeshika sahani yenye mkasi. Mwenyekiti kastaafu kwa maradhi. Kiti kiko wazi, na mwenye macho haambiwi tazama.

Mvua zimeanza, rasharasha tu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimepiga pasi sare za shule kutwa. Mkono unauma.

Jumapili, 9 Machi

Nieleze kidogo ninaposhinda, maana wasomaji wa baadaye watadhani mama wa Mheshimiwa anakaa kwenye kochi anapepewa.

Nashinda kwa Fundi. Ni jirani yangu, mshonaji, na urafiki wetu una umri mkubwa kuliko watoto wetu. Yeye anashona, mimi natia vifungo, nageuza kola, napiga pasi. Chumba ni kimoja: cherehani mbili dirishani, meza ya kukatia, na nyuma ya pazia la maua kitanda cha mume wake. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, tunamwita Spoku mpaka leo, ingawa kiharusi kilimlaza upande mzima wa kulia. Mguu umekufa, mkono umekufa, mdomo haujafa.

"Mama Mheshimiwa," ananiita kutoka nyuma ya pazia, maneno yanateleza kidogo, "mwambie mwanao mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli. Alianguka mtaroni, akatoka akasema mtaro ndio wenye makosa."

"Hata kwenye kuanguka alikuwa na hoja," nikamwambia.

"Ndiyo maana nikajua atakuwa mwanasiasa."

Fundi akacheka mpaka sindano ikakatika.

Binti yangu, mdogo wake Mheshimiwa, mwalimu wa shule ya kule juu kilimani, alikuwepo. Hakucheka. Huyo mtoto akili anazo ila kaumbwa bila sukari. Alisema kaka yake amehutubia juu ya tuta mara nyingi kuliko alivyolitembelea. Nikamwambia wivu haujengi nyumba. Nyumba yangu nani kaijenga? Msingi mrefu, ngazi za saruji, mtaa mzima wa bondeni hakuna nyingine kama ile.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua haikatiki. Nguo hazikauki, chumba kizima kinanuka kitambaa kibichi na mkaa wa pasi.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimejaa, lazima niandike.

Asubuhi redio ilisema mto umefura huko unakotokea. Wanawake wa mtaa wakaja chumbani kwa Fundi mmoja mmoja, kila mtu na lake. Mmoja alisema tuta linatoka jasho. Mwingine alisema vyura wanapanda ukutani. Fundi mwenyewe alikuwa ameshaongea na mtu wa mkokoteni aje Jumamosi kumchukua Spoku ampeleke kwa kaka yake kule juu.

"Nitakwenda kama gunia la viazi," Spoku akasema. "Angalau viazi havina aibu."

Nikasema, jamani, ya nini kupiga ramli na mganga yupo? Nikatoa simu, nikampigia mwanangu, nikaweka sauti kubwa kama kawaida yangu, nikailaza juu ya meza ya kukatia. Napenda wamsikie. Mama gani hapendi?

Alipokea mlio wa pili. Mara ngapi wakubwa wanapokea simu za mama zao mlio wa pili?

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wenzangu hapa wana hofu ya mto. Fundi anataka kumhamisha mgonjwa wake. Wewe unasemaje?"

Kulikuwa na watu wanaongea nyuma yake. Akasema kwa ile sauti yake ya jukwaani: "Mama, waambie watulie. Maji hayatafika huko. Tuta ni imara."

Nikawatazama mmoja mmoja. Chumba kikapoa. Yule wa vyura akasema haya, vyura wana mambo yao. Fundi akatoka kwenda kumwambia mtu wa mkokoteni asije. Ni shida kubwa kumtikisa mgonjwa yule njia yote ile kwa bure.

Nilitembea kurudi nyumbani kama niliyevishwa taji. Kila aliyeniuliza njiani nilimwambia: mwanangu kasema hayatafika.

Ijumaa, 21 Machi

Dereva wa Mheshimiwa kaja na gari. Eti nikapumzike kwa mwanangu mpaka Jumatatu, nichukue na vitu vyangu vya thamani, nikabadilishe hewa. "Kasema leo leo, mama." Nimemwambia dereva arudi, hewa yangu inanitosha, na shule zinafunguliwa Jumatatu, sare za watu hazijatiwa vifungo. Akasimamasimama mlangoni kama anayetaka kusema kitu. Nikampa chai, akaondoka.

Fundi aliona gari likigeuza. Nikamwambia, umeona mtoto anavyomkumbuka mama yake?

Jumamosi, 22 Machi

Tumemaliza vifungo. Kesho tunapeleka sare juu.

Jumatano, 26 Machi

Siku zote hizi kalamu ilinikataa.

Jumapili tulipanda na mafurushi, mimi na Fundi, kwenda kugawa sare nyumba kwa nyumba kule kilimani. Fundi hakutaka kwenda. Alisimama mlangoni akamtazama mumewe, akatazama mawingu, akasema, "Nenda wewe, mimi nibaki." Mimi ndiye niliyemvuta. Nilimwambia, "Twende bwana, watoto wanasubiri, mafurushi mawili siwezi peke yangu. Huyu atalala tu. Mheshimiwa keshasema." Spoku akasema nyuma ya pazia, "Nendeni. Mkichelewa nitaruka ukuta niende kucheza dansi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Tulikuwa tunamvalisha mtoto mmoja shati kujaribu kola ndipo ukaja mngurumo. Si wa radi. Ulikuwa chini, kama lori kubwa linalorudi nyuma. Baba wa yule mtoto akatoka nje, akarudi ameweka mkono kichwani. Kutoka pale kwao bonde lote linaonekana. Tuta lilikuwa na pengo, na mtaa wetu ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, mabati tu yanaonekana, na vichwa vya watu juu ya mabati.

Fundi hakupiga kelele. Alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kukimbia. Mimi nilimfuata nikaanguka, nikaamka, nikaanguka. Walimzuia mwanzo wa maji, vijana wanne, na hawakumweza mpaka wakawa sita.

Walimtoa Spoku jioni maji yalipopungua. Pazia la maua lilikuwa limemzonga.

Wako wengine waliokufa, wa upande wa kule mtaroni, mama na mtoto wake mchanga, na mzee mlinzi. Wengi walipanda mabati wakapona kwa kuwa ulikuwa mchana. Spoku ndiye hakuweza kupanda.

Nyumbani kwangu maji yalifika ngazi ya tatu, yakasimama hapo kama mgeni mwenye adabu.

Ijumaa, 28 Machi

Tumemzika jana, kaburi linajaa maji likichotwa. Mwanangu alikuja, akahutubia. Alilia. Nilimtazama akilia nikajua ni machozi ya kweli, na bado sikumshika mkono. Niligundua baadaye kwa nini. Nilikuwa nalifikiria lile gari la Ijumaa.

Vitu vyangu vya thamani. Leo leo, mama.

Mungu wangu. Alijua.

Jumatatu, 31 Machi

Nakwenda kwa Fundi kila siku. Tunakwangua tope sakafuni kwa mabamba ya bati. Cherehani moja imekufa, nyingine tumeiogesha mafuta inazunguka. Hanisemi. Ningependa anitukane. Leo nilijaribu kuanza, nikasema, "Mwenzangu, ile simu..."

Akasema, "Niliisikia mwenyewe kwa masikio yangu. Si wewe uliyesema. Nishikie huu mguu wa meza."

Alhamisi, 3 Aprili

Amekuja. Peke yake, bila dereva. Alikaa kwenye kigoda changu cha jikoni, magoti yamemfikia kidevuni, mtu mzima na suti yake. Nikampa chakula. Akala kidogo, kisha akasema Baraza limeunda kamati ya kuchunguza kwa nini watu hawakuhama. Jumapili wanakaa ukumbini, na mtaa mzima unasema waliambiwa na Makamu Mwenyekiti kupitia simu ya mama yake.

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Mama, mimi nilisema hayajafika."

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia arudie.

"Nilisema maji hayajafika huko. Hayajafika. Kulikuwa na kelele ofisini, laini mbaya, na wewe mama umri unakwenda. Ukasikia ta. Ni silabi moja tu, mama. Ja na ta. Hakuna atakayekulaumu, mtu mzima kusikia vibaya si kosa."

"Baba, mimi nakujua tangu hujui kutamka ra. Ulisema ta."

Akaanza kuchezea ncha ya sikio lake. Tangu mdogo, akidanganya anashika sikio.

"Na gari la Ijumaa?" nikauliza.

Akasema injinia alimwonya kwamba tuta linaweza kuachia, linaweza, si lazima. Angetangaza watu wahame halafu lisiachie, angechekwa jimbo zima, na kiti kingekwenda kwa mwingine. "Nilicheza kamari, mama. Kila mwanasiasa anacheza. Nimepoteza. Lakini nikianguka mimi, nani atawajengea tuta jipya? Yule mpinzani wangu? Yule hajui hata mto unapita wapi. Nikikaa kwenye kile kiti nitalijenga kwa mawe. Naapa kwako."

Akainama akaweka paji la uso wake gotini kwangu. Ana mvi mbili nyuma ya kichwa. Sikuwa nimeziona.

Ijumaa, 4 Aprili

Binti yangu kaja, nimemwambia. Sikupaswa.

"Mama ukisema ja," akasema, "unamwambia Fundi kwamba mumewe kafa kwa sababu ya masikio yako. Na unawaambia wanawake wote waliokuwa chumbani kwamba ni viziwi."

"Ni kaka yako."

"Najua ni nani. Nimevaa viatu vyake vya zamani mpaka darasa la saba."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekubali neno la mwenzake. Aliondoka bila kuaga.

Jumapili, 6 Aprili

Nimesema ja.

Nitaandika tu ilivyokuwa. Ukumbi wa Baraza una zulia la kijani, na viti vinalia ukikaa. Wanakamati watano. Mwenyekiti wao, bwana mmoja mpole wa miwani, aliniita mama na kuniuliza nieleze kwa maneno yangu. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni, mikono magotini kama siku ile ya kwanza nilipompeleka shule na akaniganda sketini nisiondoke. Nilikuja pale sijui nitasema nini. Hiyo ni kweli. Nilifungua mdomo nikiwa sijui, kisha nikamtazama, na mdomo ukasema wenyewe.

"Nadhani alisema hayajafika. Nilisikia vibaya. Masikio yangu si yale ya zamani."

Nyuma yangu mwanamke wa vyura aliguna. Bwana wa miwani akamgeukia Fundi, amevaa nguo zake za eda, akamuuliza yeye alisikia nini.

Fundi alisimama. Hakumtazama bwana, alinitazama mimi. Muda wote ule nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme ta, aseme yeye, aniokoe na mimi mwenyewe.

Akasema, "Simu ilikuwa yake. Alichosikia mwenye simu ndicho nilichosikia." Akakaa.

Nje mwanangu alinikumbatia. Aliniambia, "Mama, umenizaa mara ya pili." Maneno hayo zamani ningeyaandika kwa herufi kubwa.

Jumanne, 8 Aprili

Redio imesoma matokeo. Kwamba Makamu Mwenyekiti alitoa taarifa sahihi, ila ilipotoshwa na "mkazi mmoja mwanamke wa makamo ya uzee." Hawakusema mama yake. Niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili nimekuwa mkazi mmoja.

Ataapishwa Alhamisi ya wiki ijayo.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi kanirudishia pasi yangu na kopo la vifungo. Kavileta mwenyewe, kavipanga ngazi ya kwanza, kashuka.

Ijumaa, 11 Aprili

Wamenipa jina. Mama Ja. Watoto wananifuata bombani wanaimba, "Mama Ja, mvua itanyesha au haijanyesha?" Mwanamke wa vyura kaniuliza mbele ya foleni kama nataka chumvi au jamvi, kisha akasema, "Samahani, niseme kwa sauti zaidi?" Wakacheka, na ni haki yao.

Nimejifunza kuamka mapema niende bombani kabla yao.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua imerudi kwa hasira. Watu walikuwa wameshaanika magodoro juu ya kuta, wakayaingiza tena.

Mwanangu amekuja na keki ya dukani. Kavaa suti mpya, anaijaribu kabla ya Alhamisi. Aligeuka nimuone mgongo. Nikasema inakupendeza, na ilimpendeza. Kisha, wakati nakata keki, akasema kama anayezungumzia soko: "Mama, toka Jumanne uje ukae kwangu. Dereva atakufuata. Mpaka baada ya sherehe."

Kisu changu kikasimama.

"Maji yanakuja," nikasema.

"Mimi sijasema hivyo."

"Shusha mkono kwenye sikio, uniambie."

Akaushusha. Akaonekana mtoto. Akasema walipoziba pengo waliweka magunia ya mchanga tu, na huko juu mto umeanza kufura tena. Mainjinia wamesema yatashika siku chache tu.

"Basi tangaza. Leo. Simama hapo barabarani, sauti unayo."

"Nikitangaza leo wataniuliza kwa nini mara ya kwanza sikutangaza. Kila kitu kitafumuka, mama, pamoja na ulichosema wewe. Ngoja Alhamisi. Nikishaapa, Ijumaa asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuwahamisha wote, kwa malori."

"Na maji nayo yanasubiri uape?"

Akasema mimi sielewi siasa. Kweli, sielewi. Lakini nimeelewa kwamba mwanangu si mtu mbaya anayefurahia watu wafe. Ni mtu anayeamini kila wakati kwamba siku moja zaidi itapatikana. Huyo nimemlea mimi. Kila alipoanguka mtaroni nilisema mtaro ndio wenye makosa.

Keki sikuila.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda nyumba kwa nyumba tangu asubuhi, nimelowa chapachapa. Hodi. Hameni, maji yanakuja, mwanangu kaniambia.

"Umesikia ja au ta, mama?"

"Mama Ja, juzi ulisema hayaji, yakaja. Leo unasema yanakuja, basi tulale usingizi."

"Nenda kasafishe masikio."

Baba mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akanishika mkono kama kipofu na kunivusha barabara akanirudisha kwangu.

Binti yangu alikuja baada ya masomo, naye akajaribu. Wakamwambia, wewe ni mtoto wa nani? Basi.

Mwisho nilikwenda kwa Fundi. Alikuwa cherehanini, hajainua uso. Alama ya maji iko ukutani juu ya kichwa chake, kahawia, kama mtu kapiga mstari kwa rula. Nilimwambia yote, gari la Ijumaa, injinia, magunia, Alhamisi.

Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Kamati imesema masikio yako hayafai," akasema. "Wewe ulisema. Na mimi nilikuacha useme, nikadhani moyo wako utakurudi pale pale mbele ya watu. Haukurudi. Sasa unataka nibebe cherehani kilimani kwa neno la masikio yale yale? Niamini sikio lipi, mwenzangu? La kulia au la kushoto?"

Nimerudi. Naandika huku mvua inapiga bati, na mkono wangu umeshajua jibu, ni mimi ninayeuzuia.

Jumanne, 15 Aprili

Leo sikuwahi bombani. Nilingoja foleni ijae.

Nikaweka ndoo yangu chini, nikapanda juu yake, nimeshika nguzo ya bomba, maana magoti haya. Walianza kuimba. Nikawaacha wamalize.

Nikasema: "Mwanangu alisema hayatafika. Ta. Mlisikia, nami nilisikia, masikio yangu hayana ugonjwa. Alikuwa ameshaambiwa tuta litaachia. Ijumaa alituma gari lije kunitoa mimi, nyinyi akawaacha. Kwenye kamati nilisema uongo ili apate kiti. Nilimtupia Spoku kaburini udongo wa pili. Sasa juzi Jumapili kaniambia tena nihame. Gari linakuja leo. Nitakalopata kwa kuwaambia haya ni kumpoteza mtoto. Hivi kuna mama anaweza kutunga uongo wa namna hii?"

Kijana mmoja alikuwa ananirekodi kwa simu. Nilimwona. Nikageuza uso wangu kwake vizuri, nikarudia jina la cheo cha mwanangu na neno lile, ta, ili asije mtu akasema laini ilikuwa mbaya.

Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye ndoo ya mtu, hakuna aliyefunga bomba.

Mwanamke wa vyura ndiye aliyeongea kwanza. "Wewe ni shetani," akaniambia taratibu. Nikasema ndiyo.

Fundi alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Alimwaga ndoo yake, akaipachika begani, akaenda zake. Nilidhani imekwisha. Niliposhuka na kupita dirishani kwake nikaona kapiga magoti chini ya meza ya cherehani na bisibisi, anafungua parafujo. Hakunigeukia. Akasema, "Ingia ushike huku, isiniangukie."

Tulipotoka nayo mlangoni, mimi mbele yeye nyuma, milango mingine ilikuwa inafunguliwa.

Dereva alikuja na gari saa hiyo hiyo. Alitazama foleni ya watu na magodoro, akazima injini, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kupakia wazee. Hakuuliza mtu.

Jumatano, 16 Aprili

Tuko shuleni kwa binti yangu. Tunalala madarasani, madawati tumeyasukuma ukutani. Wengi wamepanda, wachache wamebaki na kuku wao mpaka jioni, kisha nao wakaja. Maneno yangu yamezunguka jimbo zima ndani ya simu za watu. Kuapishwa kumeahirishwa. Redio imesema Makamu Mwenyekiti ameombwa kukaa pembeni. Amenipigia simu, nikapokea, hakusema kitu. Nilimsikia akipumua tu. Nikapumua naye mpaka ikakatika.

Mvua. Maji hayajafika. Watu wameanza kuniangalia tena kwa pembe ya jicho. Mwanamke wa vyura anasema kesho anarudi kwake.

Nimekaa nafikiri: yasipofika, nitakuwa nimemmaliza mwanangu bure. Yakifika, nitakuwa nimeomba mafuriko. Sijui niombe dua gani. Nimekaa bila dua.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuapa.

Mchana tulikuwa tunamenya viazi vya watu wote, mimi na Fundi ubavu kwa ubavu, hatuongei. Mlango ukaziba mwanga. Nilijua ni yeye kabla sijainua macho.

Alikuwa na suruali ya ile suti mpya na shati limemganda. Amekuja kwa miguu kutoka mtaani kwetu. Alikwenda kunitafuta nyumbani kwangu, hakujua kama nilishapanda.

"Mama," akasema, "umenimaliza."

Nilitaka kusimama, viazi vikanishika mapajani.

Watu hawakuwa wanamtazama usoni. Walikuwa wanamtazama miguu. Suruali ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, tope la rangi ya chai ya maziwa, na inadondoka sakafuni.

Fundi akaweka kisu chini. Alimuuliza kama anavyomuuliza mtoto wa jirani aliyetumwa dukani. "Maji yamefika wapi?"

Mwanangu akafungua mdomo, na nikaona ile sauti ya jukwaani inakuja, ikapanda mpaka kooni, ikakwama. Akajiangalia suruali.

"Madirishani," akasema.

"Kwangu?"

"Kwako yamepita dirisha, mama."

"Umeona mtu?"

"Nimegonga kila mlango. Hakuna mtu."

Fundi akatikisa kichwa kukubali, akaokota kisu chake, akaendelea kumenya. Mwanamke wa vyura akaanza kulia, taratibu, kitambaa mdomoni. Mwanangu bado kasimama pale mlangoni, hajui aingie au atoke, mtu mzima mwenye mvi mbili, na hakuna mtu ndani ya darasa lile aliyemwambia karibu.

Nikavishusha viazi. Nikamfuata, nikainama mbele yake, magoti yakilia, nikaanza kumfungua kamba za viatu. Zilikuwa zimekaza kwa maji. Ilinichukua muda.